Namna ya Kuyavusha Mayungiyungi ya Kitropiki Katika Majira ya Baridi

Baridi yangu ya kwanza na yungiyungi la kitropiki niliipitisha vibaya. Jalidi ilipokaribia nilikitoa chungu bwawani, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuiweka ndoo dirishani, ndani ya nyumba. Nikajua nimeliokoa. Majani yaliendelea kutoka, moja baada ya jingine, kila jipya dogo kuliko lililotangulia, hadi la mwisho halikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kisha yakakoma. Nilipochokonoa tope mwishoni mwa msimu nilikuta kitu cheusi, laini, kinachonuka kama yai viza. Maji ya ile ndoo yalikuwa na nyuzi 17 za Selsiasi tangu mwanzo hadi mwisho.

Hizo nyuzi 17 ndizo zilizoliua. Kwa mmea huu zilikuwa nyingi mno za kuulaza na chache mno za kuukuza. Mmea ulikuwa ukila akiba yake kidogo kidogo, na mwanga hafifu wa dirishani haukuurudishia hata nusu ya ulichokula. Tangu hapo, kila ninayemwona akipoteza mayungiyungi yake wakati wa baridi, nikimuuliza yalikaa wapi, jibu huwa lile lile: pahali pa uvuguvugu.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote amua jambo moja: yungiyungi lako litalala, au litakaa macho? Likilala, lipe giza na nyuzi 10 hadi 13. Likikaa macho, maji yake yasishuke chini ya nyuzi 21, na taa iwake kwa muda wa saa 12 au zaidi kila siku. Usiliache katikati. Naanza na kulaza, kwa sababu ndiyo njia ya gharama ndogo na ndiyo ninayoitegemea. Kukaa macho nitakueleza mbele.

Hakikisha kwanza ni la kitropiki

Mayungiyungi yapo makundi mawili makubwa, na ukiyachanganya utapoteza mmea. Yale ya nchi za baridi yana shina nene linalotambaa kwa ubavu ndani ya udongo. Hilo hubaki bwawani chini ya barafu, na majira yakigeuka huchipua lenyewe. Mradi barafu isilifikie shina, huna la kufanya. Ya kitropiki hayana shina hilo. Huota wima kutoka kwenye kiazi, na kiazi kikishaganda hakina dawa.

Kama lebo imepotea, tazama ua. La kitropiki husimamisha ua lake juu ya maji kwa kikonyo kigumu, mara nyingi sentimita 20 au zaidi, ilhali la nchi za baridi hulilaza ua juu ya maji au hulinyanyua kidogo tu. Kisha pitisha kidole ukingoni mwa jani. La kitropiki aghalabu lina menomeno au mawimbi. La baridi ni mviringo na laini. Na ukiona ua la buluu, karibu kila mara ni la kitropiki.

Ndani ya haya ya kitropiki kuna yanayochanua mchana na yanayochanua usiku. Ya mchana ndiyo yenye rangi za buluu na zambarau, na baadhi yana asili ya Afrika Mashariki: Nymphaea colorata, lile dogo la zambarau, ni la Tanzania, na yungiyungi la buluu linaloitwa zanzibariensis limebeba kwao kwenye jina. Ya usiku, kama 'Red Flare' lenye majani mekundu, hufunguka giza linapoingia na kufumba asubuhi jua likishapanda. Hili si jambo la mapambo tu. Ya usiku hutengeneza viazi vikubwa bila kusumbua, na huamka kwa urahisi. Ya mchana viazi vyake mara nyingi ni vidogo, na vingine ni vizito kuamka. Ukiwa ndiyo unaanza, anza na la usiku ujifunzie mkono.

Linyime mbolea kabla ya baridi

Kiazi ni akiba, na mmea hauweki akiba wakati wa neema. Huiweka unapohisi siku zinafupika, maji yanapoa na udongo umechoka. Ukiendelea kuulisha mbolea hadi wiki ya jalidi utakuwa na majani makubwa ya kupendeza, na chini yake hutakuta kitu. Acha mbolea wiki 6 hadi 8 kabla ya wakati ambao jalidi ya kwanza hufika unakoishi. Maua yatapungua na majani yatakuwa madogo. Vumilia, usirudi nyuma ukaongeza kidonge kimoja cha mwisho kwa huruma.

Kuna mbinu nyingine ambayo kwangu imekuwa ndiyo bima, na natamani ningeijua mapema. Mwanzoni mwa majira ya joto, ukiwa na mche wa ziada, upande kwenye kikopo cha upana wa sentimita 10 hadi 15, udongo bila mbolea yoyote, kisha ukiweke kikopo hicho kwenye kona ya bwawa isiyo na kina na ukiache hapo msimu mzima. Mizizi itajaa kikopo hadi ianze kutoka kwenye matundu. Majani yatakuwa kama visahani vya chai. Maua labda utaona mawili matatu, labda usione hata moja. Mmea uliobanwa namna hiyo huanza kujiwekea kiazi mapema, na kiazi chake huwa kigumu kuliko cha mmea mkubwa ulioshiba. Ule wa chungu kikubwa uache uwe wa kutazamwa. Huu wa kikopo ndio mbegu yako ya mwakani. Nina mayungiyungi ambayo kwa miaka kadhaa nimeyavusha kwa vikopo tu, na ile mimea mikubwa sikuihangaikia tena.

Kung'oa

Usikimbilie. Wengi hung'oa majani yakiwa bado mabichi kwa kuogopa jalidi, wakakuta kiazi bado kichanga, cheupe na laini, ambacho hakitafika popote. Jalidi nyepesi inayochoma majani yaliyo juu ya maji haikifikii kiazi kilichozama sentimita 30. Subiri majani mengi yageuke manjano, na maji ya bwawani yakae chini ya nyuzi 15, mchana na usiku, kwa wiki mbili hivi. Mpaka wa kusubiri ni barafu: ikianza kujifanya juu ya bwawa, vyungu viwe vimeshatoka.

Kata majani yote, bakiza vikonyo kiasi cha upana wa vidole vitatu ili upate pa kushika. Toa chungu, kiinamishe, acha maji yachuruzike. Hapo unaweza kung'oa papo hapo, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi naviingiza vyungu vizima, na tope lake, kwenye banda lenye giza lisiloingia jalidi, na kuviacha wiki 2 au 3 udongo ukiwa na unyevunyevu. Katika muda huo kiazi kinaendelea kukomaa, vikonyo vinaoza na kukatika vyenyewe, na kiazi kinajitenga na kichwa cha mmea pole pole. Ukingojea hivyo, siku ya kung'oa hutatumia nguvu.

Siku hiyo ikifika, tandika turubai, pindua chungu juu yake, na weka koleo na kisu mbali. Hii ni kazi ya vidole. Tafuta kichwa cha mmea, pale vikonyo vyote vinapokutania, kisha shuka na vidole chini yake ukipapasa ndani ya tope. Utakutana kwanza na msokotano wa mizizi minene myeupe, mingine imeshakuwa ya kahawia na yenye utelezi. Katikati ya msokotano huo kuna uvimbe mgumu. Hicho ndicho kiazi. Kwa aina za usiku kinaweza kuwa kama yai la kuku; kwa za mchana ukipata kilicho kama gololi kubwa umepata. Usikome hapo. Endelea kupapasa pembeni, maana mara nyingi kuna vingine vidogo vimejificha kwenye mizizi, na hivyo vidogo huishi kuliko kile kikubwa cha zamani kilichobeba mmea msimu wote. Mwaka mmoja nilitupa tope la chungu kizima nikiwa nimeridhika na kiazi kimoja kikubwa. Kile kikubwa kilioza. Siku hizi tope lote nalipitisha kwenye chekecheke chini ya bomba la maji kabla ya kulitupa.

Kuosha na kuchagua

Osha kila kiazi kwa maji safi na brashi laini ya meno. Toa mizizi yote, toa mabaki ya vikonyo, toa ngozi yoyote inayobanduka yenyewe. Ikiwa kichwa cha mmea bado kimeng'ang'ania juu ya kiazi, kishike kwa vidole viwili na ukipinde upande mmoja. Kwenye kiazi kilichokomaa hukatika kwa mlio mdogo na kuacha kovu kavu. Kikikataa, kiazi hicho hakijawa tayari. Kirudishe kwenye udongo wenye unyevu wiki moja zaidi badala ya kukichana.

Kiazi kizima ni cheusi au kahawia iliyokolea, kina vijinundu vya mahali mizizi ilipotoka, na kwenye ncha yake ya juu kuna kitu kama manyoya laini ya rangi hafifu. Hiyo ncha ndiyo moyo wake, chipukizi litatokea hapo. Isikwaruzwe. Bonyeza kila kiazi kati ya kidole gumba na cha shahada. Kilicho kizima hakibonyei hata kidogo. Kinachobonyea kinaoza, na kukiweka pamoja na vingine kwa matumaini ni kuviambukiza vyote. Kama sehemu iliyooza ni ndogo na iko mbali na ncha, unaweza kuikata hadi ufikie nyama ngumu nyeupe, ukakiacha kidonda kikauke siku nzima, na ukakihifadhi kiazi hicho peke yake.

Kulaza

Unahitaji mchanga wa mto ulioshwa hadi maji yake yatoke safi. Uwe na unyevu wa kipimo hiki: ukiufumbata mkononi unashikana, lakini hakuna tone linalotoka kati ya vidole. Ukiwa mkavu, kiazi kitasinyaa; ukiwa umelowa, kitaoza. Mwagia maji kidogo kidogo huku ukijaribu kwa mkono, maana kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Tia mchanga kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga mwingine kiasi cha vidole viwili. Toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko. Andika jina la kila aina kwenye kipande cha plastiki, kwa penseli, ukizike humo humo ndani, kisha andika tena nje ya kopo. Kalamu ya wino hufutika kwenye unyevu, na viazi vyote hufanana: ukishapoteza jina hutalijua tena hadi ua lichanue. Na usitumie mfuko mtupu wa nailoni kama mahali pako pana panya. Panya anakijua kiazi cha yungiyungi, na hakibakizi.

Sasa mahali. Nyuzi 10 hadi 13, giza, kwa muda wote wa baridi. Friji ya kawaida haifai, kwani huwa karibu na nyuzi 4, na viazi vingi havitoki salama kwenye baridi hiyo. Chumba cha chini ya nyumba, gereji iliyopakana na nyumba, kabati lililoegemea ukuta wa nje: hizo ndizo sehemu za kujaribu. Wenye kabati la kuhifadhia mvinyo wamebahatika, maana linakaa kwenye nyuzi hizo hizo. Usikisie kwa kugusa hewa. Weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, kiache siku saba pale unapokusudia, ndipo uamue. Nililazimika kujifunza hili kwa hasara. Nilikuwa na rafu ninayoiamini, kila nikipita naiona ya baridi, kumbe nyuma ya ukuta lilipita bomba la maji ya moto la kupashia nyumba joto. Nilipofungua kopo katikati ya msimu, viazi sita vilikuwa vimeshatoa nyuzi nyeupe ndefu gizani, vimejimaliza. Viwili tu ndivyo vilivyoamka tena baadaye.

Badala ya mchanga wapo wanaotumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imejazwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, na viazi vimezama ndani, gizani, kwa nyuzi zile zile. Inafanya kazi vizuri kwa viazi vichache, na ina faida moja kubwa: unaona kinachotokea bila kufukua. Maji yakianza kuwa na ukungu, toa viazi, vibonyeze kimoja kimoja, toa kibovu, badilisha maji.

Kila baada ya wiki 4 fungua makopo. Nusa kwanza. Harufu ya kuoza huja kabla ya kuonekana kwa macho. Kama mchanga umeanza kuwa mwepesi wa rangi, nyunyiza maji kidogo. Kama kuna kiazi kilichochipua mapema, usikirudishe gizani. Kipeleke moja kwa moja kwenye maji ya joto la wastani kama nitakavyoeleza kwenye kuamsha, na ukubali kukitunza chini ya taa hadi majira yageuke.

Kama unataka likae macho

Yapo mayungiyungi ambayo kulaza hakuyafai, hasa yale yanayozaa watoto juu ya majani, kama 'Dauben' na 'Panama Pacific'. Tazama kitovu cha jani, pale kikonyo kinapoungana nalo: utaona kifundo chenye manyoya, kisha jani dogo, kisha mche mzima wenye mizizi yake. Kwa haya huhitaji kiazi. Mwishoni mwa majira ya joto kata jani lenye mche uliokomaa, lilaze juu ya udongo kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 5, weka kijiwe kidogo kilishike, na baada ya wiki chache mche unakuwa umejishikiza.

Mche huo, au mmea mwingine wowote mdogo unaotaka kuukesha, uweke kwenye kikopo cha sentimita 10 ndani ya tangi la samaki. Hita ya tangi iwe kati ya nyuzi 22 na 25. Taa ya LED ya mimea iwe juu yake kiasi cha shibri moja au mbili, iwake saa 12 hadi 14, na ufunge taima ili usitegemee kumbukumbu. Dirisha peke yake halitoshi wakati wa baridi. Usitie mbolea, au tia chembe tu, kwa sababu huku hukuzi, unauvusha. Mmea utatoa jani moja dogo kila wiki au zaidi kidogo, na hilo linatosha.

Kinachosumbua mimea ya ndani ni vidukari. Vinakaa upande wa juu wa majani na kwenye vikonyo vya maua, na kwa kuwa ndani hakuna wadudu wa kuvila, huongezeka upesi. Usipulize dawa kwenye tangi. Zamisha majani yote chini ya maji kwa kuyawekea wavu wenye uzito, saa chache, kisha vikusanye vidukari vinavyoelea na kuvimwaga. Rudia baada ya siku tatu nne.

Kupasha maji moto si jambo jipya. Mwaka 1849 Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth nchini Uingereza, alilichanusha jitu la jamii hii, lile la Amazon ambalo leo tunaliita Victoria amazonica, na ua lilifunguka mwezi Novemba, baridi ikiwa imeshaingia nje. Alilijengea tangi lililopashwa joto na akatumia gurudumu dogo kuyafanya maji yasitulie. Sisi tuna hita ya plagi na taa, lakini hesabu ni ile ile aliyoifanya yeye: joto la maji kwanza, mengine yanafuata.

Kuamsha

Hesabu kurudi nyuma. Jua ni lini maji ya bwawa lako hufika nyuzi 21 na kubaki hapo usiku na mchana, kisha rudi wiki 8 hadi 10. Hiyo ndiyo tarehe ya kuamsha. Ukiamsha mapema mno utakuwa na mimea mikubwa isiyo na pa kwenda, na shauku ya kuitoa nje kabla ya wakati itakushinda.

Toa viazi kwenye mchanga, vioshe, vibonyeze tena. Chukua bakuli au chupa ya kioo, tia mchanga safi sentimita 5, kisha kiweke kiazi ncha yake ikiwa juu na ikichungulia nje ya mchanga. Kama huoni ncha iko wapi, kilaze ubavu. Chipukizi litajua njia. Jaza maji hadi sentimita 10 juu yake. Chombo hicho kizamishe ndani ya tangi lenye hita, au kiweke juu ya mkeka wa joto unaotumika kuoteshea mbegu, maji yawe nyuzi 25 hadi 27. Taa iwe juu yake tangu siku ya kwanza.

Halafu ngoja. Vya usiku huweza kuonyesha dalili ndani ya wiki 2. Vya mchana vinaweza kuchukua wiki 3, 4, hata 6, na ikiwa bado ni vigumu kwa kubonyeza usivikatie tamaa. Nimewahi kuweka kiazi kando nikidhani kimekufa, nikakiacha kwenye ndoo ya maji nje, na katikati ya majira ya joto nikakuta jani limeelea.

Kitakachotokea ni hiki, na kiangalie kwa karibu kwa sababu kosa la pili kubwa liko hapa. Kutoka kwenye ncha ya kiazi utatokea uzi mweupe, mwembamba kama waya, unaopanda juu. Sentimita chache juu ya kiazi uzi huo unavimba kifundo kidogo. Kutoka kwenye kifundo yanatoka majani: ya kwanza membamba kama mkuki, yanabaki chini ya maji, yanayofuata yana umbo la moyo, kisha la kwanza la kuelea, dogo, lenye rangi ya shaba. Chini ya kifundo hicho hicho inatoka mizizi myeupe inayoning'inia majini. Huo ni mmea mpya kamili. Kiazi kule chini kimeshafanya kazi yake kwake.

Kutenganisha mche

Mche ukiwa na majani 2 hadi 4 yanayoelea na mizizi ya kama urefu wa kidole, ingiza mkono, ushike uzi chini kidogo ya mizizi, na uukate kwa kucha. Usiuvute. Mche unaopandwa ukiwa bado umeshikamana na kiazi, tena kiazi kikiwa kimefukiwa, mara nyingi hudumaa, ukitenganishwa hukimbia.

Uupande kwenye kikopo cha sentimita 10 chenye udongo mzito wa mfinyanzi wa bustani. Mboji na udongo wa vyungu vya ndani hauufai, huelea na kuchafua maji. Mizizi iwe ndani ya udongo, moyo wa mche uwe sawasawa na uso wa udongo, ukiuzika utaoza. Tandaza changarawe nyembamba juu, mbali na moyo, kisha uzamishe majani yakielea kwa raha, maji ya nyuzi 24 au zaidi.

Kile kiazi kirudishe kwenye mchanga wake ndani ya maji ya joto. Kikiwa bado kigumu kitatoa mche wa pili, na pengine wa tatu, kila mmoja baada ya wiki chache. Huko ndiko ninakopata ile miche ya ziada ya vikopo.

Kurudi bwawani

Hapa ndipo subira inapojaribiwa, kwa sababu siku tatu za jua humfanya mtu aamini msimu umefika. Pima maji asubuhi na mapema, si adhuhuri, kwenye kina utakachouweka mmea. Ukisoma nyuzi 21 au zaidi asubuhi saba mfululizo, toa. Mmea ukipelekwa kwenye maji ya nyuzi 16 haufi papo hapo. Husimama, majani huanza kugeuka manjano, na chini yake unaanza kujiwekea kiazi tena, ukidhani baridi imerudi. Utapoteza mwezi mzima au zaidi kuuamsha upya.

Kabla ya kutoa, hamishia mche kwenye chungu kikubwa, lita 15 hadi 20 kwa aina kubwa na lita 5 hadi 8 kwa ndogo. Bonyeza kidonge kimoja cha mbolea ya mimea ya majini pembeni, mbali na mizizi. Siku za kwanza uweke chini ya kivuli chepesi, kwani majani yaliyokulia chini ya taa huungua kwenye jua kali. Kina cha mwanzo kiwe sentimita 15 juu ya udongo, kwa kuegemeza chungu kwenye matofali. Kila majani mapya yakijaa, toa tofali moja, hadi ufikie sentimita 30 au 45. Baada ya mwezi wa kwanza anza mbolea ya kila mwezi, na uandike kwenye kalenda tarehe ya kuiacha: wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi.